Sahani ya Maleka

Maleka aliichukia Nairobi tangu Ramadhani ya kwanza. Vita vya Wajerumani vilikuwa bado vinapiganwa mumewe, Adamji, alipohamishia duka lao huko mji mkuu. Maleka akampelekea jirani sahani ya kaimati. Ikarudi tupu, imeoshwa. Kwao Mombasa sahani ya jirani hairudi tupu, japo itiwe chumvi kidogo. Mji gani huu, akasema, watu wanakula na kufunga mlango? Hakumpelekea mtu kitu tena.

Adamji alipofariki, Maleka alirudi Mji wa Kale bila kugeuka nyuma. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, akampelekea kaimati Fatema, jirani yake wa tangu utotoni. Asubuhi aliikuta sahani mlangoni. Akaiinua, akaigeuza. Ilikuwa imeoshwa vizuri.