Tochi ya Kwenye Kofia

Mkanda wa mashine ya kusaga uliondoka na kiganja cha kushoto cha Justina wakati watu wa Kasense wakivuna mahindi. Aliporudi kutoka hospitali alimkuta wifi yake, Rhoda, ameshahamia kutoka Laela na kushika jiko. Alikuja kwa nia njema, hilo Justina hakulikataa. Lakini kidonda kilipona, kigutu kikakauka, na wifi hakuondoka. Justina akawa mtu wa kuwekewa maji ya kunawa, kukatiwa nyama na kuambiwa apumzike.

Jioni moja aliingia jikoni akasema ugali atasonga yeye. Jiko lao ni kibanda cha tofali kisicho na dirisha, na umeme umeishia nyumba kubwa. Rhoda alikuwa anakoroga uji, mkono mmoja mwiko, mwingine tochi ndogo ya sola.

"Hebu niambie, wifi," alisema bila kugeuka. "Huo mkono mmoja utashika mwiko au utashika tochi?"

Justina alitoka kwa hasira. Mumewe, Enock, alipomwambia kwamba dada anasaidia tu, alimjibu, "Nimepoteza kiganja. Nyumba yangu sijaipoteza."

Kesho yake Rhoda alipokwenda shambani, Justina aliibana ile tochi kwa magoti, akalegeza skrubu kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na betri ndogo, kibao cha vitaa na nyaya nyembamba kama uzi. Alizikata. Akachomoa nyaya ndefu kwenye redio mbovu ya Enock, akazimenya ncha kwa meno, kisha akapasha msumari kwenye makaa ili aziunge kwa risasi ya kuungia nyaya aliyoibandua humo humo redioni. Mara ya kwanza msumari ulikuwa wa moto mno, ukayeyusha plastiki na kumchoma paja. Alitukana kwa Kifipa, akaanza upya.

Rhoda alirudi akakuta vipande vimetapakaa kwenye mkeka.

"Umeshaiharibu."

"Bado naitengeneza."

"Si Enock akununulie ya kuvaa kichwani? Mjini zipo."

"Zile zinakula betri. Na hii naitaka niliyoiunga mwenyewe."

Alipobonyeza swichi, haikuwaka.  Justina aliinamia nyaya mpaka akaona kosa: waya mwekundu ameuungia mahali pa mweusi. Alizibadilisha. Vitaa vikawaka vyeupe, vikampiga machoni.

Kofia yake ya sufu, ya baridi, aliivalisha goti, akashonea kibao cha vitaa mbele na kuushusha waya nyuma ya sikio hadi mfukoni, ambako tochi yenyewe ilikaa na betri yake. Mchana angeiweka juani ijichaji.

Giza lilipoingia aliivaa akaenda jikoni. Mwanga ulifuata macho yake, kwenye sufuria, kwenye unga, kwenye moto. Rhoda alisimama mlangoni.

"Unafanana na mchimba dhahabu."

"Sogea, wifi, unanizibia njia ya moshi."

Sufuria aliikinga kwa kigutu alichokizungushia kitambaa kinene, akasonga. Jasho lilimtoka. Ugali ukawa na madonge, na Rhoda alilipasua moja mezani ili kaka yake aone unga mbichi ndani.

"Una madonge," alisema.

"Unayo," alisema Justina. "Kula."

Enock alikula, akaongeza tonge jingine, wala hakumtazama yeyote.

Wiki ile haikuisha Rhoda akafunga mzigo. Aliaga kwa unyonge kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa kazi, na Justina alimshukuru kwa moyo, maana alikuwa amemuuguza kweli. Lakini hakumwomba abaki. Siku za mawingu tochi haikupata chaji ya kutosha. Akapika kwa mwanga wa moto wenyewe, akaunguza maharage, akayapakua hivyo hivyo, na yakaliwa.