Jioni Ambayo Giza Halikuingia

Juzi watu wa kaunti walikuja kubadilisha balbu za mulika mwizi, ile taa ndefu ya hapa mtaani kwetu Section 58, nikajipata nikicheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo siku waliyoisimamisha. Alasiri yote ilinuka vumbi na simiti mbichi. Mimi niliwaza kitu kimoja tu. Sheria ya Mum ilikuwa moja: giza likiingia, uko nyumbani, na kila jioni aliniita kabla zamu yangu ya kusimama katikati na kukwepa mpira kwa mchezo wa kati haijafika. Sikujua taa ni ya kufukuza wezi. Niliamini kaunti imeondoa usiku kwa sababu yetu watoto.

Taa ikawaka, mtaa mzima ukapiga nduru. Mum akatokea mlangoni.

"Wewe, kuja nyumbani."

Mimi, ambaye sikuwahi kumjibu mtu, nikasema, "Lakini Mum, giza haijaingia."

Akaangalia juu. Wamama wenzake wakaangua kicheko.

"Haya, cheza. Lakini hiyo kaunti yako ndiyo itakuosha miguu."

Nikaingia katikati ya wale wawili waliorusha mpira. Mpira ukanikosa, ukanikosa tena, na hapo ndipo nilipojua mimi ni mwepesi.