Shamba Lililopandishwa kwa Vichwa

Juma lililopita mukamwana wangu alinunua udongo. Umesoma vizuri, udongo. Hapa Mabanga, mjini Goma, tunakaa juu ya mawe ya volkano, na mwenye kutaka mboga za lengalenga mlangoni lazima udongo umufikie kutoka mbali. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliuleta ndani ya mifuko, mufuko mmoja ukapasuka barabarani. Niliinama na mgongo huu wangu, nikaokota kwa viganja, mukamwana akacheka: "Mama, ni udongo tu!" Basi keti, nikuambie.

Nilizaliwa Ijwi, kile kisiwa cha katikati ya ziwa letu. Kule kila shamba limeegemea mlima. Mvua ikinyesha, udongo unashuka, na ukishaingia ziwani umekwenda. Kwa hiyo kila msimu, kabla ya kupanda maharagi, wamama na watoto tulikusanya udongo uliokwama chini ya shamba, kwenye ukingo wa matete, tukaupandisha juu ndani ya vitunga. Juu kabisa. Ngata ya majani ya ndizi kichwani, shingo inauma, harufu ya udongo mbichi puani, na nyanya yangu nyuma yetu: "Shamba lina miguu. Usipolipandisha, litakwenda kuoga." Jioni tulikula kolokasi za moto na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na hakuna mutu aliyeuliza kama tumechoka.

Mwaka mmoja papa, baba yangu, aling'oa yale matete ili aongeze mistari miwili ya kahawa. Nyanya alimukataza. Papa akajibu kwamba matete hayana mununuzi. Ikaja mvua ya siku moja. Asubuhi, shamba letu la juu lilikuwa kama kichwa kilichonyolewa. Udongo mwingine ulikuwa umefika ziwani, na uliobaki ulikuwa umelala ndani ya shamba la jirani yetu wa chini, mama mjane. Siku za kupanda zilikuwa zinaisha. Bila udongo ule, nyumba yetu isingeonja maharagi mpaka msimu mwingine.

Tulishuka na vitunga. Jirani alikuwa amesimama na jembe mkononi.

"Karibuni. Leo munaiba mchana?"

"Mama, kuku wangu akiingia kwako anakuwa wako?" nyanya akauliza.

"Kuku ninamujua kwa rangi. Huu udongo wako una alama gani? Na maharagi yangu yako wapi? Juzi yameota, leo muko munasimama juu ya kaburi yao!"

Nyanya yangu hakuwa mutu wa kubembeleza. Alipiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole. Tulimuangalia tu. Mkono ulipozama mpaka kwenye kifundo, akatoa jani moja la haragi, la njano, limekunjika, lakini zima. Jirani aliliangalia, akalaza jembe chini.

"Chukueni mpaka nione majani yangu yote," akasema. "Lakini ni vidole tu, jembe hapana. Na matete yarudi."

Tulifukua siku tatu. Wamama wa milima ya jirani walikuja bila kuitwa, vitunga vikapanga mstari kutoka ukingo wa maji mpaka juu. Kwetu mwanaume hakubeba kitunga kichwani. Siku ya pili papa alichukua kimoja, bila ngata. "Papa, tukupatie na mutoto wa mgongoni?" wamama wakamuchekelea. Alipanda.

Mimi nilikuwa katikati ya mteremko. Nikaangalia chini, ziwa ni jekundu mpaka mbali. Nikaangalia juu, vichwa vinapanda, vinapanda. Nilikuwa ninazani Mungu aliweka mlima na udongo wake. Siku ile nilijua kwamba shamba hili lilikwisha kupanda mlima mara nyingi, siku za mama ya nyanya yangu, na siku za mama yake, na hakuna konzi ya udongo pale juu ambayo haijakaa kichwani mwa mutu. Mpaka leo nikikumbuka, ninanyamaza kama kanisani.

Tulipanda maharagi siku ya mwisho. Mavuno yalikuwa kidogo, lakini tulikula. Matete papa aliyapanda mwenyewe.

Mwaka jana nilirudi Ijwi kuzika dada yangu. Mlima umetoa mawe kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Matete hakuna. Mihogo iliyopo imefika kwenye magoti, haisogei tena. Vijana, kama wajukuu kwa nyanya yao, wakaniambia, "Koko, udongo umezeeka."

"Hauzeeki," nikasema. "Uko pale ndani ya maji. Siku hizi nani anaupandisha kabla haujafika ziwani?"

Nilitaka kuwasemea vikali. Ndipo nikahesabu wasichana wa mstari ule wa vitunga: mmoja aliolewa Bukavu, wawili Goma, mwingine Kalengera, na mimi. Kila mmoja aliondoka na shingo yake ya kubebea udongo. Nilisimama mbele ya mawe yale, mimi mwenye maneno mengi, na sikuona mutu wa kugombeza.