Pindo Pana
Fundi cherehani huziachia sare za watoto pindo pana, ili wakirefuka lifumuliwe, wala hatoi nguo bila utani. Lakini mkewe alipopasuliwa kidole tumbo alimwonya, "Usinichekeshe, mume wangu, nitafumuka." Basi siku nane fundi akameza utani wake. Kila asubuhi alivaa miwani, akaukagua mshono wa mkewe kwa jicho la kazi. "Umenyooka," akasema, basi.

Jana muuguzi alipita nyumbani kumtoa mke wa fundi nyuzi. "Sketi yangu ya shule uliiachia pindo pana, fundi, nikaivaa miaka minne," alisema muuguzi. " Nimeona nije mwenyewe, mama asihangaike na foleni." Uzi wa mwisho ukatoka. Mke akajipapasa tumbo. "Haya, sasa nichekeshe." Yule bingwa wa maneno akabaki anafuta miwani tu, na mkewe akacheka mpaka machozi yakamtoka.