Dohani ya Bi Mdogo

Nyumba zetu kule Salale hazina dohani. Moshi unajitafutia njia kwenye makuti, na macho yakikuwasha unatoka nje. Dohani ilikuwa moja tu, ya mke mwenzangu. Mume wetu aliitoa kwenye kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, bomba la chuma limeshika kutu, akalileta kwa mtumbwi na kulisimamisha juu ya jiko la bi mdogo. Eti kifua chake hakipatani na moshi. Mimi bi mkubwa kifua changu kilipatana nao. Wakati ule sikusema kitu. Nasema sasa, mume mwenyewe hayupo.

Mafuriko yalipokuja, mwanawe bi mdogo alimchukua mama yake akampeleka kwake Kibiti. Miguu ya bi mdogo imevimba, hawezi kusimama peke yake. Nyumba yangu iko ndani, mbali na ukingo, kwa hiyo maji yalipokauka nilirudi. Yake iko mtoni kabisa.

Kila nikienda Kibiti kupeleka kamba wakavu, hata salamu hatujamaliza, ananiuliza: "Dohani imesimama?"

Namwambia imesimama. Haamini.

"Nipigie picha niione. Paa na dohani, na mbingu nyuma yake. Kama imesimama naenda kwangu. Sitaki kufia nyumbani kwa mkwe."

Mwanangu wa kike alishanipa simu ya tachi na kunifundisha kitu kimoja tu, kupiga picha. Basi nikapiga. Maji yalikuwa yamepwa, tope hadi magotini, sikushuka. Nilikaa mtumbwini, ukingo uko juu yangu, nikaelekeza simu juu. Ikatoka nzuri kweli: makuti, bomba, na mbingu nyeupe. Nikaipenda kazi yenyewe. Njiani nikapiga na mapaa ya watu wengine, lililoota majani, lenye tairi juu yake, la bati lililokunjwa na upepo. Paa likiwa na mbingu nyuma linakuwa kama limeoshwa.

Bi mdogo alipoiona ile yake alilia. Akamtuma mwanawe akaisafishe iwe kubwa, wakaitundika ukutani. Kila mgeni anaonyeshwa. "Nyumba yangu hiyo. Mto umeishindwa."

Mwezi uliofuata nilishuka, nipige kwa karibu. Nikazunguka nyuma, nikasimama hapo hapo. Ukuta wa nyuma haukuwepo. Sakafu ilikuwa inaning'inia, nusu ya chumba chake imeshaliwa na mto, paa limeshikwa na nguzo tatu za mkoko na hilo bomba lenyewe. Udongo ulikuwa unadondoka mbele ya macho yangu, donge baada ya donge, chubwi, chubwi. Nikapiga picha. Jua lilikuwa usoni mwangu. Paa na dohani vikatoka vizuri kama kawaida, chini yake kote kukatoka kweusi.

Kibiti nikawaambia, na picha nikawaonyesha.

"Mama mkubwa, hapa si kivuli tu?" mwanawe akauliza.

"Si kivuli. Ni mto."

"Na paa si hili?"

"Paa lipo. Nyumba haipo."

Bi mdogo akacheka, kicheko chake kile cha pembeni. "Miaka yote hii, bi mkubwa, bado dohani yangu inakukereketa?"

"Chuma cha kutu kinikerekete nini? Nakwambia ukuta umeanguka."

"Kama ukuta umeanguka, paa limekaa juu ya nini? Juu ya wivu wako?"

Mkwe wake akaangua kicheko huko jikoni. Mungu anisamehe. Wivu nilikuwa nao kweli, tangu siku lile bomba linateremshwa mtumbwini, na yeye aliuona siku hiyo hiyo. Ningemwambia nini akaniamini?

Nilirudia maneno yale kesho yake, na keshokutwa. Safari yake ilishapangwa, basi nikaenda bandarini Nyamisati kwa nahodha wa boti, nikamwomba asimpakie.

"Bibi," akasema, "picha umeipiga mwenyewe. Sote tumeiona."

Siku ya safari bi mdogo aliletwa na mwanawe, na godoro, sufuria mbili na kuku mmoja kafungwa miguu. Mwanawe akabaki, ana kazi zake. Mimi nikaingia botini. Ningemwacha aende peke yake?

Njia nzima alikuwa anapanga. Atalala upande gani, nani atamtekea maji. Kwenye kona ya mwisho dohani ikatokeza juu ya mikoko.

"Ile pale!" Akanipiga begani. "Ile pale, muongo wee!"

Nahodha akasogea ukingoni, akapitiliza kidogo, akazima mashine, na nyumba tukaiona kwa ubavu.

Kuku tu ndiye alikuwa anapiga kelele.

Bi mdogo aliitazama. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Mbona hukuniambia?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikamshika mkono, akauacha nimshike, jambo ambalo hajawahi.

"Nataka kushuka," akasema.

"Hapana pa kushukia, mwenzangu."

"Nishushe hapo hapo."

Akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, akakaa. Akajaribu tena. Sikumwinua, wala sikumzuia. Lipi lingekuwa wema, sijui mpaka leo.

"Tufanyeje, bibi?" nahodha akamuuliza yeye, kwa heshima. Bi mdogo bado anaitazama dohani. Nahodha akaniangalia mimi. Maji yalikuwa yanapwa, tungechelewa kidogo tungekwama kwenye tope mpaka yajae tena.

Nikamwambia awashe mashine.