Shikamoo kwa Mke wa Kaka Mtu

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, nina watoto wawili sekondari na miwani ya kusomea, nilipoanza kumwamkia binti ambaye bado alikuwa anasuka rasta zenye shanga.

Kaka mkubwa wa mume wangu alichelewa sana kuoa, mpaka ndugu tukaacha kumuuliza. Alipooa, alimleta kwao Kibakwe msichana mpole, mwenye kucheka huku ameziba mdomo. Nilimpenda siku ile ile. Shida ilianza kesho yake asubuhi, tukiwa uani tunasubiri chai. Mama mkwe akanigeukia.

"Mwamkie mwenzio. Huyo ni mke wa kaka mtu. Hapa kwetu tunaamkia nafasi, hatuamkii miaka."

Nikasema shikamoo. Binti akaangalia vidole vya miguu yake, akajibu marahaba kama mtu anayeungama kosa.

Tulipokuwa tunarudi Dodoma mjini, ambako mimi na mume wangu tunafanya kazi, nililalamika njia nzima. Yeye akasema ni neno tu, linanipunguzia nini? Nikamuuliza yeye alimsalimiaje.

"Nilimwambia, mambo shemeji."

Kumbe heshima ya ukoo mzima ilikuwa imewekwa midomoni mwa wanawake peke yao.

Basi kila tulipokwenda likizo nikawa naamka na mikakati. Nikimsikia jikoni, naenda bafuni. Nikimsikia karibu na bafu, nakumbuka simu niliyoisahau chumbani. Asubuhi moja nikazunguka nyuma ya zizi ili nimkwepe, tukagongana. Naye alikuwa ananikwepa, ameshika ndoo tupu ili aonekane ana kazi.

"Dada," akaninong'oneza, "nakuomba usiniamkie. Naona aibu kuitikia mtu mzima."

Tulicheka mpaka ng'ombe wakaacha kula wakatuangalia. Lakini kucheka hakukutusaidia. Yeye alikuwa mgeni kwenye nyumba ile, asingeweza kufungua mdomo. Ilibidi niseme mimi.

Kazini nabishana na wakubwa vikaoni bila kutetemeka. Mchana ule, nikiwa nimekaa na mama mkwe tunamenya karanga, nilimenya karibu nusu ungo kabla sijasema neno.

"Mama, mimi namheshimu sana mke wa shemeji. Ila nimechoka kumwamkia. Naye amechoka kuitikia."

Akamenya karanga moja, akaipuliza maganda, akaila.

"Hata mimi nilimkuta mwenzangu wa namna hiyo," akasema. "Mke wa kaka yake baba yenu. Nilimzidi umri, nikamwamkia miaka yote."

"Ulikuwa unafurahi, mama?"

"Nani afurahi? Nilikuwa nabeba mtungi naenda kisimani hata kama maji yamejaa ndani."

Nikajikaza nisicheke. Nikamuuliza kwa nini basi ametupitisha sisi njia ile ile. Akaacha kumenya, nikaona kwamba swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Wifi zangu wangesema nimeacha nyumba ijiendee," akasema. Kisha akatoa hukumu: "Salimianeni mnavyotaka. Lakini mimi nikiwa sipo."

Niliuchukua ushindi huo kama ulivyokuwa. Tangu siku hiyo, mama mkwe akitaka kutoka uani anakohoa kwanza akiwa ndani, kikohozi cha mtu mzima wa afya, ili tupate nafasi ya kujipanga. Akitokea mlangoni anakuta nimeshainama kidogo, nasema shikamoo, na binti anaitikia marahaba huku ameng'ata pindo la kanga. Mama mkwe anatikisa kichwa, ameridhika, anaomba chai.

Mume wangu nimemwambia kwamba kama nafasi ndiyo inayoamkiwa, basi na yeye aanze kumwamkia shemeji yake. Amesema atalifikiria.