Oda Isiyo na Maneno

Karibu kila katazo lililopo mtaani kwetu limeandikwa na mjomba wangu. Usiegeshe gari hapa. Usitupe taka. Hakuna njia. Ukuta wa nyuma ya soko aliuandika mara moja tu, kuwakataza wanaume jambo ambalo sina haja ya kulitaja, na tangu siku hiyo ukuta ule ni mkavu kabisa. Watu wakampa jina la Mzee Marufuku. Herufi zake zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba mtu alizitii kwanza, kuzisoma baadaye.

Mimi ni fundi cherehani na kibanda changu kimepakana na geti lake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mama yangu alikuwa dada yake. Alipofariki, mke wa Mjomba ndiye aliyenilea, na huyo namwita Mama.

Mwaka huo mkono wa kulia wa Mjomba ulianza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Akawa anatembea ameuchimbia mfukoni, na wateja akawapiga chenga kwa kuwaambia ngazi imevunjika. Ngazi yenyewe ilikuwa pale pale ukutani, nzima, na mimi nilikuwa naanikia vitambaa juu yake. Mtu aliyeweza kuandika herufi O bila bikari, ikatoka duara kamili, mkono wake ndio yeye mwenyewe. Alikuwa anaogopa. Naisema mimi kwa sababu yeye hakuthubutu: aliogopa kwamba siku tukijua, atabaki kuwa mzee wa kuwekewa kiti kivulini.

Ndipo binti yake, mwalimu wa uchoraji katika shule ya mbali, akaja likizo na zawadi. Turubai jeupe lililowambwa kwenye fremu, upana wake kama meza yangu ya kukatia nguo, pamoja na rangi za mafuta. Mjomba rangi ya mafuta aliijua ile ya kopo, inayokauka kabla hujamaliza kugombana na mteja. Hizi zilikuwa ndani ya tyubu, naye akauliza kama ni za kupigia mswaki.

"Baba, hapa hakuna kukosea," binti akamwambia. "Usichore kitu. Usipange chochote. Weka rangi ya kwanza inayokuvuta, kisha itazame mpaka ikuonyeshe ya pili. Mkono uache uende unakotaka wenyewe."

Nilimwona Mjomba akimkodolea macho kama aliyefumaniwa. Mkono wake ulikuwa unakwenda unakotaka kwa miezi mitano, na sasa anaambiwa hilo ni somo.

Binti aliondoka Jumapili. Jumatatu asubuhi Mjomba akabeba turubai hadi uani, akakaa mbele yake, na hakuna kilichotokea. Miaka thelathini hajawahi kuanza kazi bila karatasi ya oda iliyojazwa na kutiwa sahihi. Basi akaenda kuleta kitabu cha oda, akajijazia mwenyewe. Niliiona karatasi hiyo baadaye. Mteja: mimi. Maneno: hakuna. Rangi: zitakazokuja. Siku ya kukabidhi: haijulikani. Kwenye nafasi ya maelekezo aliandika, kwa herufi ndogo zinazoyumba: uhuru.

Kisha akachukua uzi wenye chaki, akapiga mistari minne ili uhuru wenyewe ukae sawa.

"Mjomba, si umeambiwa usipange?" nikamuuliza kutoka upande wangu wa ukuta.

"Sijapanga. Nimepima tu."

"Ya nini?"

"Nisije nikatoka nje."

"Nje ya nini, na hakuna neno?"

Akanijibu nishone. Lakini alifuta mistari. Akachukua brashi, akafumba macho, akauachia mkono. Alipofumbua akakuta ameandika MARU. Akafuta kwa kitambaa. Akajaribu tena amegeuza uso pembeni, ikatoka USI. Mara ya tatu alijaribu amesimama kwa mguu mmoja, na hapo hata sikuelewa nadharia yake. Ilitoka HAKU, tena imenyooka kuliko zote, jambo lililomtia hasira.

Saa tano ilipokaribia alikuwa hoi. Akabonyeza tyubu nyekundu moja kwa moja juu ya turubai, donge zima, kwa kukata tamaa tu, akalisukuma na brashi pana. Mkono ukatetemeka. Nyekundu ikatetemeka nayo, ikatoka na kingo zenye mawimbi madogomadogo ambayo hakuna binadamu angeweza kuyachora kwa kukusudia. Akasimama akiitazama muda mrefu sana. Halafu, sijui ilimwambia nini, akachukua buluu.

Nilimwona mjomba wangu akifanya kazi na mkono nje ya mfuko. Buluu ikaingia chini ya nyekundu, ikaikimbia, ikarudi. Njano ikapita katikati kwa kishindo. Alikuwa anaongea na rangi peke yake: "Haya, na wewe unataka wapi? Nenda basi." Nilifurahi mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mteja ukazibika.

Alipomaliza akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake: akaipeleka kazi mbichi nje, akaitundika kwenye misumari miwili kando ya geti ikauke. Misumari hiyo ndiyo iliyotuponza. Rangi ya kopo ingekauka jioni ile ile na kazi ikarudi ndani. Hizi za tyubu zinakauka kwa wiki na wiki, na kwenye misumari ile mtaa haujawahi kuona kitu ambacho si amri.

Wa kwanza alikuwa muuza maziwa. Alikuja na baiskeli mbio, akaiona picha, akafunga breki, akashuka, akapita akiikokota.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Dada, sijui. Lakini Mzee Marufuku hapaki nyekundu bure."

Akafuata mwenye gari jeupe, aliyezoea kuegesha pale. Akatoa kichwa dirishani, akaisoma juu mpaka chini, akarudi kinyumenyume hadi barabara kuu. Kinyozi wa mkabala akaacha kupiga mluzi. Muuza nyama akaja, akasimama na mikono nyuma, akaondoka ameinamisha kichwa, na siku ya pili mizani yake ilikuwa mpya.

Siku ya nne mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: kinachokatazwa ni kipi. Mwalimu mstaafu alidai nyekundu ni moto, kwa hiyo ni marufuku kuchoma taka. Muuza maziwa akashikilia kwamba ile njano katikati ni baiskeli, na imekatwa. Mtu mmoja akathubutu kusema labda ni picha tu, wakamzomea hadi akakaa. Mjomba mwenyewe alialikwa, akatuma udhuru kwamba ngazi imevunjika. Mwishowe wakapitisha azimio: mpaka maana itakapopatikana, kila mkazi aache kile ambacho yeye mwenyewe anahisi ndicho.

Jamani, mtaa ulibadilika. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mfereji wakasalimiana, kila mmoja akiamini picha inamsema yeye. Mlinzi wa ghala akaacha kulala kazini. Paka wa kinyozi pekee ndiye aliyekaidi, akalala chini ya picha kama kawaida, na watu wakamwona hana adabu. Nami, sitaki kujitoa, siku mbili nzima sikumwambia mteja "njoo kesho". Niliwaambia ukweli kwamba nguo hata sijaikata. Walinitukana, lakini nililala vizuri.

Wiki ya pili watu walichoka kuwa wema kwa kubahatisha. Mwenyekiti akaja getini na umati nyuma yake, na kopo la rangi nyeusi mkononi.

"Mzee wetu," akasema kwa heshima zote, "hatubishi. Tunachoomba ni neno moja tu hapo chini, kwa mkono wako. Andika kinachokatazwa, tushike adabu."

Akamnyooshea brashi ya herufi.

Mjomba alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulizama mfukoni mpaka kwenye kifundo, na niliuona ukicheza ndani ya kitambaa. Hiyo suruali niliishona mimi.

"Leo hapana," akasema. "Ngazi..."

"Mzee, picha iko usawa wa kiuno. Ngazi ya nini?"

Watu wakasogea. Nilitaka kusema chochote, hata kuanguka na kuzimia kwa makusudi.

Mama akatoka ndani akijifuta mikono kwa khanga. Hakumwangalia mtu. Akasimama mbele ya picha kama anasoma barua.

"Kumbe hamjui kusoma," akasema. "Imeandikwa: kila mtu arudi kwake."

Walitazamana. Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akainama, akaitikia kwa kichwa polepole. "Kweli," akasema, "hiyo buluu." Basi wakaondoka wote, pamoja na mwenyekiti na kopo lake, wakipeana njia. Hata paka akanyanyuka, akavuka barabara.

Tukabaki watatu. Mjomba akacheka kicheko kikavu.

"Umewaweza. Na wewe umeisomea wapi?"

"Niliisoma siku ile ile ulipoitundika," Mama akasema. Sauti yake haikuwa tena ile aliyoitumia kwa umati. "Imeandikwa, mke wangu, mkono wangu unatetemeka, na naogopa kukwambia."

Mjomba aliinamia viatu vyake. Mfuko ulikuwa unatetemeka.

"Miezi mitano nakutilia chai nusu kikombe," Mama akaendelea, "ili isikumwagikie ukajua kwamba najua. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani majani yamepanda bei," Mjomba akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, mzee mzima, getini mwake. Nami nikalia kwa sauti, sina aibu.

Mama akaingia ndani, akarudi na kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akamnyooshea. Mjomba akautoa mkono mfukoni. Chai ikamwagika kwenye shati, kwenye viatu, kidogo na kwenye picha, pale kwenye buluu. Kinyozi alikuwa anaona. Muuza nyama alikuwa anaona kutoka dukani kwake. Mjomba akanywa iliyobaki, akarudisha kikombe.

"Ongeza," akasema.